Fundi cherehani wa Kindu na sketi ya Fifi

Saa kumi na mbili asubuhi, Scholastique Ilunga anafungua kibanda chake cha kushonea karibu na soko mjini Kindu, anatia cherehani mafuta, anaketi. Binti yake Fifi, mwenye miaka kumi na minne, anapiga pasi sare za wateja kabla ya kwenda shule.

Kazi hii Scholastique ameifanya tangu ujana. Mwaka 2002, vita vilipoziba njia za kuingia mjini, chakula kiliadimika. Wateja walimletea nguo zilezile, kila mara azibane zaidi.

"Nilipunguza nguo za Kindu muzima," anasema. "Na zangu pia. Toka pale, nikiona mutoto amenenepa, roho yangu inatulia."

Ndiyo maana hakuelewa mwaka jana Fifi alipomletea sketi. "Mama, unibanie hapa kiunoni." Sketi yenyewe ilikuwa tayari inambana. Jioni hiyo akakataa wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Siku chache baadaye akazirai kwa njaa akiteka maji kisimani.

Scholastique alimlaza, akampa uji. Hakufoka. Alimuuliza tu nani amemwambia nini.

"Shuleni wananiita gunia ya muchele," Fifi alijibu akilia. "Hata wateja wako wanacheka. Na weye, mama, unanyamaza."

"Lile neno liliniingia," anasema Scholastique. Akamshika mkono, akamwambia: "Mwili wako unakomaa, mwanangu. Sitakupima. Tutakula pamoja, tutatembea pamoja. Nguo ndiyo tutashona ingine."

Wiki hiyohiyo mteja mmoja alimtania Fifi. Scholastique akaweka mkasi chini. "Hapa tunasema juu ya nguo tu. Mwili wa mutoto wangu, hapana."

Mteja akaomba radhi. Fifi, aliyekuwa akishona vifungo, aliinamisha uso kuficha tabasamu.

Siku hizi wawili hao huenda shambani kwa miguu kila Jumamosi, wakirudi hula sahani moja. Soda na mikate ya kukaanga vimebaki vya sikukuu, kwa nyumba nzima. Bado kuna jioni Fifi anasukuma chakula. Mama yake humngoja, wakizungumza mengine.

Scholastique anatafuta cherehani ya pili, washone sare zenye mshono wa kuachia, unaofumuliwa nguo ipanuke, msichana akikua katikati ya mwaka asione haya.

"Lakini natamani kitu kingine," anasema, akimtazama binti yake akiondoka na mkoba. "Apite sokoni akila muhindi ya kuchoma, bila kuangalia nani anamuangalia."