Kipepeo wa Machteld

Machteld aliolewa na mchoraji mjini Haarlem, akajikuta ameolewa na vyura pia. Wachoraji wengine walichora vikombe vya fedha na matunda mezani. Wessel, mumewe, alipenda kuchora vilivyo chini ya miti, kwenye giza na unyevunyevu: magugu ya mbaruti, uyoga, konokono, vyura, nyoka anayemnyemelea nondo. Viumbe hao walifugwa uani, na aliyewalisha ni nani kama si Machteld?

"Machteld! Leo nyoka wamekula jibini?" majirani walimtania.

"Wamekula umbea wenu, wameshiba!"

Kipepeo wa kwenye picha, lakini, hakuchorwa. Mbawa zake halisi zililazwa juu ya rangi nyeupe mbichi, zikabonyezwa, zikabanduliwa polepole, na unga wake wote mwekundu ukabaki pale pale. Siku moja mkono wa Wessel ulikuwa unatetemeka kwa homa. "Bonyeza wewe, mke wangu. Vidole vyako ni vyepesi."

Machteld alibana pumzi, akabonyeza. Wessel akamalizia kiwiliwili kwa brashi, kisha akaandika jina lake mwenyewe chini.

Miaka thelathini wageni walisimama mbele ya picha ile. "Kipepeo huyo! Wessel ni fundi, bwana!" Machteld aliwamiminia bia, moyo ukicheka. Mkate aliooka uliliwa, nguo alizoshona zilichakaa. Kipepeo huyo tu ndiye aliyebaki, kazi ya mkono wake. Hata baada ya kumzika Wessel hakumwambia mtu.

Kisha mwanawe akamwoa Fijtje, binti mwema, ila akishika ndoo, jihadhari. Haarlem mwanamke hupimwa kwa usafi wake wa mwezi wa Mei, nyumba zote zinaposuguliwa baada ya baridi, na Fijtje alitaka kumpendeza mkwewe. Akasugua vigae, akasugua kizingiti, akasugua picha kwa sabuni.

Rangi ilivumilia. Kipepeo alitoka na kitambaa.

"Mama, nimeondoa vumbi jekundu hapa," alisema, akionyesha kitambaa kwa fahari.

Machteld akakaa kitini. Alilia waziwazi, kilio ambacho hata msibani hakukilia.

"Jamani, Mama! Nimefanya nini? Tutamtafuta mchoraji, atachora mwingine!"

"Yule hakuchorwa, mwanangu. Nilimweka mimi. Kwa kidole hiki."

"Wewe? Na sisi tunamsifu baba mkwe miaka yote! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Fijtje akapiga magoti, akakishika kile kidole, naye akalia.

Mchoraji hakuitwa, Machteld alikataa katakata. Pakabaki doa jeupe juu ya mbaruti, na katikati yake kiwiliwili chembamba kisicho na mbawa. Jumapili akaja mgeni, rafiki wa zamani wa Wessel, akainama kutazama.

"Hapa palikuwa na nini?"

Machteld alikuwa ameshainua jagi la bia. Fijtje akamtangulia kujibu.

"Hapo palikuwa na kipepeo wa mama. Kaa, bwana, akueleze alivyomtengeneza."

Mgeni akavuta kiti, akamgeukia Machteld. Machteld akaweka jagi chini, akaanza kueleza.