Siku Uwanja Wangu Uliponasa Wazee wa Ukoo

Mzee Ambrose alisimama kufungua kikao. Mguu ukaja, kiatu kikabaki.

Akabaki na soksi hewani, ameshika fimbo, anatazama chini kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Mwenzake akataka kuvuta kiti asogee amsaidie. Kiti kikagoma. Akavuta tena, mguu mmoja wa kiti ukabanduka na sauti kama ya plasta inayotolewa kwenye kidonda.

Dakika mbili baadaye nilikuwa na wazee saba wa ukoo wa marehemu mume wangu, wamenasa uwanjani kwangu kama panya kwenye gundi.

Na kikao chenyewe kilikuwa cha kuamua kama ninafaa kuitunza nyumba hiyo.

Haya, nawaeleza ilivyokuwa. Huruma zenu kaeni nazo.

Naishi Kyerwa, si mbali na Nkwenda. Nina diploma ya ujenzi, nauza vifaa vya ujenzi, nina watoto watatu na sina mume. Eliud alifariki mwaka juzi.

Aliniachia kibanja: migomba, kahawa, nyumba, na mbele ya nyumba uwanja wa zege la urembo.

Watu wote wanauita pavingi. Siyo pavingi. Ni zege lililomwagwa, likapigwa chapa likiwa bichi, likatoka na sura ya mawe yaliyopangwa, kisha likatiwa rangi ya udongo mwekundu. Eliud aliliona kwenye hoteli moja Bukoba, akarudi hana raha mpaka alipolipata.

Miaka minane ya jua, mvua na kahawa kuanikwa juu yake, rangi ikafa. Uwanja ukawa wa kijivu wenye mabaka, kama uso wa mtu aliyeachana na mkorogo.

Hapo ndipo Rogasian alipopata la kusema.

Rogasian ni mdogo wake marehemu. Anaishi Kituntu. Ana pikipiki na maoni. Kazi sijawahi kumwona nayo.

Tangu tumzike Eliud alikuwa anataka awekwe kuwa omukuza, yaani mtu wa ukoo anayesimamia mali na watoto wa marehemu. Maana yake mimi nipalilie migomba, yeye auze ndizi.

"Angalieni uwanja wa kaka," aliwaambia wazee kwenye msiba mmoja huko Igurwa. "Kama sakafu tu imemshinda, kibanja ataweza? Watoto ataweza?"

Na wazee, watu wazima wenye mvi, wakaona hiyo ni hoja.

Wakapanga kuja Jumamosi ya mwisho ya Julai, wajionee wenyewe na waamue.

Ilikuwa hoja ya kijinga. Lakini hoja ya kijinga ukiijibu kwa maneno utabishana mpaka Krismasi. Nikaamua uwanja utarudi ulivyokuwa siku Eliud alipoumwaga.

Kwanza nilimwita fundi mmoja, Gosbert. Akaja na ndoo ya rangi ya mafuta, ile ya milango.

"Mama Liliane, hii napiga leo leo. Saa nane nimemaliza."

"Ikibanduka?"

"Unanipigia, nakuja kupiga nyingine."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Siyo kwa heshima. Nilitaka kuhakikisha ameondoka.

Nikafanya mwenyewe. Nilisugua uwanja mzima kwa brashi ngumu na sabuni, nikasuuza, nikaziba nyufa. Nikauacha ukauke siku tatu. Nikabandika kipande cha nailoni juu yake usiku kucha, asubuhi nikakiinua: hakuna hata tone la unyevu chini yake. Hapo ndipo unajua zege limekauka, siyo kwa kulitazama na kutikisa kichwa kama akina Gosbert.

Nikapaka rangi ya zege mikono miwili, yaani tabaka mbili. Juu yake nikapaka sila, ile dawa inayofunga rangi isinywe maji wala uchafu. Nayo mikono miwili, myembamba, kwa rola. Mkono wa mwisho ulikuwa Alhamisi asubuhi.

Sila ikikauka unaweza kutembea juu yake kesho yake. Ila inahitaji wiki nzima kukomaa, na ndani ya wiki hiyo usiiguse na mafuta ya taa, petroli wala thina. Itayeyuka.

Hayo niliyajua mimi peke yangu. Sikumwambia mtu.

Ningemwambia nani? Wifi yangu Vestina, anayeita kila kilicho kwenye kopo "rangi"? Mama mkwe wangu, Bibi Kemirembe, ambaye shule aliisikia ikipigiwa kengele tu? Nilikuwa na kazi nyingi kuliko muda, na sikuona faida ya kufungua darasa.

Ijumaa Vestina alikuja na wanawake wenzake kumenya ebitoke, ndizi za kupikia wazee. Nikawaonyesha mahali, nyuma ya jiko, kivulini. Nikaenda Nkwenda kutafuta mchele na viti.

Niliporudi jua linaelekea kuzama, nikaona pikipiki ya Rogasian imeegeshwa kando ya nyumba, na maganda yamerundikwa kwenye ukingo wa uwanja wangu.

"Vestina, mmemenyea wapi?"

"Huku mbele, wifi. Kule nyuma kuna vumbi. Huku pasafi."

Pasafi. Nimesugua wiki nzima ili wao wapate pasafi pa kumenyea.

Kama hujawahi kuishi na migomba, nikwambie: utomvu wake ukidondoka kwenye nguo unageuka mweusi na hautoki mpaka nguo ife. Kwenye zege lisilo na sila ni hivyo hivyo. Nikainama kutafuta madoa.

Hakuna hata moja. Uwanja ulikuwa unang'aa.

Nikasema moyoni, hii ndiyo tofauti ya mtu aliyesoma. Nikaingia ndani nimejaa majivuno.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ya Julai, uwanja umekaza kama kioo. Vestina akapanga viti. Mimi nilikuwa jikoni. Saa nne wazee wakafika, nikatoka, nikapiga magoti.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mkamwana."

Mzee Ambrose, mkubwa wa ukoo, akazungusha macho. "Mbona panapendeza? Rogasian, ulisema ni makaburini."

Rogasian alikuwa amekaa pembeni ukutani, miguu juu ya jiwe. Akacheka kidogo. "Subiri, baba mkubwa. Jua halijapanda."

Sikulifikiria neno lile. Nilipaswa kulifikiria.

Jua likapanda. Wazee wakanywa togwa, wakaulizana habari za mvua na za mnyauko wa migomba. Kisha Mzee Ambrose akasimama, na mengine mmeshayasikia.

Wanawake wakaja kuvua watu viatu. Mzee mmoja alitaka kubebwa. Vestina alikuwa anacheka ndani ya kanga, anajifanya anakohoa.

Rogasian akasimama. Yeye viatu vyake vilikuwa salama.

"Wazee, mimi sina la kuongeza. Nilisema uwanja umemshinda. Sasa umewashinda na nyie."

Wakacheka, wale wanaochekaga kila akifungua mdomo.

"Na hiyo ndiyo diploma," akasema. "Je, angekuwa na digrii, si tungezama kabisa?"

Nikachuchumaa. Nikakwangua sakafu kwa ukucha, ikaja nyuzi nyuzi kama ulimbo. Nikanusa.

Petroli.

Nikasimama. "Sila haiwi ulimbo yenyewe. Kuna mtu ameimwagia petroli. Na jana hapa kulikuwa na pikipiki moja tu."

"Unamaanisha nini, shemeji?"

"Namaanisha wewe."

Wazee wakageuka kumtazama.

Mzee Ambrose, soksi moja chini, akaniangalia. "Mama Liliane, hilo ni neno zito. Una shahidi?"

"Nina pua."

"Pua haikai kikaoni."

Rogasian akainua mkono. "Naapa mbele ya ukoo wangu na mbele ya kaburi la kaka yangu pale. Mkono wangu haujagusa uwanja huu."

Aliapa bila kupepesa. Na mimi namjua Rogasian akidanganya, anajikuna shingo. Hakujikuna.

Mzee aliyetaka kubebwa akasema, "Anayemsingizia mtu wa ukoo mbele ya ukoo hawezi kushika mali ya ukoo. Mimi sina zaidi."

Wawili wakaitikia kwa kichwa. Nikahesabu haraka. Wanne wangetosha. Nikaona migomba yangu, kahawa yangu na vyumba wanavyolala watoto wangu vikihamia kwenye mfuko wa mtu ambaye hajawahi kushika jembe.

"Ni mimi."

Wote tukageuka.

Bibi Kemirembe alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka wake. Mwanamke huyo tumeishi naye miaka kumi na tano na sikumbuki amewahi kunisifia hata uji.

"Petroli niliimwaga mimi," akasema.

"Mama, nyamaza," Rogasian akasema.

"Ninyamaze kwa nani? Kwako?"

Akaendelea taratibu, kama anayepanga ndizi sokoni.

"Jana hawa wamemenya pale, utomvu umedondoka kila mahali. Nikasema, kesho wazee wanakuja, wataona madoa, watamnyang'anya huyu mtoto nyumba. Utomvu tunautoaje mikononi? Kwa mafuta ya taa. Ndivyo nilivyofanya tangu niolewe. Nikatafuta mafuta ya taa, hayapo, siku hizi watu wote sola. Nikaona pikipiki."

"Mama—"

"Nikapiga magoti. Nikasugua kwa kitambaa, kuanzia pale mpaka pale. Ikawa inang'aa. Nikafurahi."

Akakohoa.

"Sasa Ambrose, kama mtu aliyeharibu sakafu hafai kukaa kwenye kibanja, anzeni na mimi. Mmekula ebitoke vyangu miaka hamsini. Leo mniambie nihamie wapi."

Mzee Ambrose akauliza, kwa upole, "Petroli ulitoaje kwenye pikipiki, shemeji? Lile tangi lina ufunguo."

Mama mkwe akamwangalia mwanawe wa pili.

"Alinifungulia yeye. Akanijazia chupa ya soda mwenyewe. Nikamwambia ni ya kutoa utomvu uwanjani. Akasema, sugua sana mama, usiache hata kona. Akakaa juu ya pikipiki akinitazama. Ilipoisha akanijazia nyingine."

Nikaelewa. Rogasian amewahi kukaa mwezi mzima kwa fundi wa kupaka vanishi milango huko Kayanga, kabla hawajamfukuza. Petroli na rangi mbichi anavijua. Na kweli, mkono wake haukugusa uwanja. Alitumia wa mama yake.

Mzee Ambrose alikaa chini. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Rogasian. Mama yako wa miaka sabini na mitano alikuwa amepiga magoti chini, wewe umekaa juu ya pikipiki?"

Sasa Rogasian akajikuna shingo.

"Baba mkubwa, yeye ndiye aliyeomba."

"Na wewe ukatazama."

"Sikujua kama itanasa hivi."

"Ulisema tusubiri jua."

Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa uvivu. Anaweza kusamehewa hata wizi, akilia vizuri. Lakini mama apige magoti kwa saa nzima, mwanawe amekaa juu anaongeza petroli? Hata wale waliokuwa wanamchekea walianza kutazama viatu vyao, ambavyo bado vilikuwa vimeganda.

Mzee aliyetaka kubebwa ndiye aliyeongea wa kwanza. "Mimi nafuta neno langu."

Hawakuchukua hata robo saa. Kibanja kinabaki kwa mama wa watoto. Omukuza hawekwi. Rogasian akitaka kuja, aje kumsalimia mama yake, aje kwa miguu.

Aliondoka hajala. Sikumsihi. Ebitoke vilikuwa vimeiva vizuri, vingeharibika kwa mtu kama yule.

Wazee walipokwisha kuondoka, wengine na ndala zangu, nilikaa mlangoni na Bibi Kemirembe.

Nikamwambia, "Mama, ungeniuliza kwanza."

"Nilikuuliza. Siku ya kwanza nikakuuliza unapaka nini, ukasema dawa. Siku ya pili nikakuuliza dawa ya nini, ukasema ya sakafu. Ya tatu nikaona unanionea uvivu, nikaacha."

Ni kweli. Nilimjibu hivyo hivyo, bila hata kuinua rola.

Nimemdharau Gosbert na sijuti. Nimemdharau Rogasian na naona nilimpunja. Lakini yule bibi nilimdharau bila sababu, na ndiye aliyepiga magoti juu ya zege kwa ajili ya nyumba yangu wakati mimi najipongeza kwa diploma.

Wiki iliyofuata nilikwangua sila yote kwa thina na brashi, nikarudia upya. Safari hii alikaa kitini pembeni, akawa anauliza, na mimi nikawa najibu mpaka mwisho. Sasa anaijua sila kuliko mafundi wote wa Nkwenda. Juzi alimfukuza mchuuzi wa petroli aliyepita njia tu, hajauza kitu, amesimama karibu na uwanja.

Kwa hiyo wewe unayesoma, unayejua mambo yako na kuona walio nyumbani kwako hawawezi kuelewa: waeleze. Wanaishi juu ya hiyo kazi yako kama wewe.

Waeleze hata kama unawadharau. Wale unaowadharau ndio waeleze mara mbili.