Jina la Bwana Holti

Bwana Holti alililima kaburi la mume wa Sekela kwa trekta, akapanda pareto juu yake. Hakuuliza mtu. Asukile alikuwa amemfanyia kazi miaka tisa, akafa kwa homa ya mapafu, akazikwa pembeni mwa shamba, mahali ambapo Bwana Holti mwenyewe alimwonyesha mjane kwa kidole. Msimu wa pili Sekela alikwenda kupalilia kaburi, akakuta matuta.

Hayo yalikuwa ya mwaka hamsini na tatu. Mwaka hamsini na nane chama cha kudai uhuru kikamwambia Sekela ampigie kura Bwana Holti.

Sekela hakusoma hata darasa moja. Kilichomwingiza kwenye daftari la wapiga kura, lililotaka elimu au kipato, ni hoteli yake ya chai pale Nyololo, ambapo madereva wa malori ya Mbeya na Iringa hawapiti bila kushuka. Nayo sheria ya uchaguzi ilikuwa ya ajabu: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ukimwacha mmoja, karatasi yote imeharibika. Mwafrika wa chama alikuwa Mwalimu Tadeo, ambaye Sekela angemfuata hata kwa magoti. Wazungu walikuwa wawili: Bwana Greli, aliyesema wazi kwamba Waafrika wangoje miaka hamsini, na Bwana Holti, aliyekubali kusimama upande wa chama.

"Kamwene, Mama Tupo," alisalimia Danieli, katibu wa tawi la chama, akivuta benchi. "Umeshayajua majina yako matatu?"

"Mawili nayajua."

"La tatu limekwama wapi?"

"Limekwama kwenye mifupa ya Asukile."

Danieli alikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa. "Mama, kura si ndoa. Huendi kulala naye."

Madereva wakacheka.

"Ndoa ingekuwa afadhali," Sekela akasema, "mtu huachika. Wewe Danieli, angelilima kaburi la mama yako, ungemtaja?"

"Ningemtaja huku nalia. Ukimwacha, kura ya Mwalimu Tadeo imekufa. Ukimpa Greli, umempa fimbo ya kukuchapia."

Sekela alijua kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Lakini kwao Rungwe hasira haifichwi. Mnakaa pamoja, aliyekosa anakiri, aliyekosewa anatoa yote ya moyoni, kisha anajaza maji kinywani na kuyapuliza chini. Hapo yamekwisha. Kumnenea mtu mema, hata kwa kura, huku kifua kimejaa ni kujitafutia balaa, maana hasira iliyofungiwa humwangukia mtoto wa nyumbani. Na binti yake wa pekee, Tupokigwe, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba.

"Mlete hapa," Sekela akamwambia Danieli. "Aseme tu: nililima. Neno hilo moja. Nitapuliza maji, nami nitamtaja mbele ya serikali."

"Atakuja kabla ya kura. Mimi ndiye ninayekuambia."

Siku zikaenda. Kila gari dogo lililopunguza mwendo barabarani lilimtoa Sekela jikoni, mikono imejaa unga. Likipita, alirudi ndani na kumshika binti yake tumbo, akiuliza kama mtoto anacheza.

"Anacheza, mama. Alicheza sasa hivi ulipouliza. Niache nipumue."

Siku ya kura Bwana Holti alifika kituoni, kofia mkononi, akiusalimia mstari mtu mmoja mmoja. Sekela alitoka mbele.

"Bwana, mimi ni mke wa Asukile. Asukile wa shamba la pareto."

"Asante, mama. Asante sana," akasema Bwana Holti, akamshika mkono, akamgeukia aliyefuata.

Danieli alikuwa nyuma ya Bwana Holti, macho kwenye viatu.

"Mkumbushe," Sekela akamwambia.

"Si hapa, mama. Watu wanatazama."

Ndani, kwa kuwa hakujua kusoma, ilimbidi amtajie karani majina kwa mdomo.

"Mwafrika?"

"Tadeo."

"Mhindi?"

Akamtaja yule wa chama. Huyo hakuwa na ugomvi naye.

"Mzungu?"

Sekela angeweza kusema hakuna, akarudi nyumbani na kifua chake kilivyo, na Tadeo angefia pale pale chini ya kalamu ya karani. Akamfikiria Tupokigwe.

"Mama, wenzako wanangoja. Nani?"

"Holti."

Alilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Mwalimu Tadeo alishinda. Bwana Holti naye alishinda. Danieli alikuja hotelini akiwa amevaa koti jipya.

"Umeona, Mama Tupo? Kura yako haikupotea."

"Sikusema itapotea. Yuko wapi?"

"Sasa ana kazi nyingi, mama. Vuta subira."

Tupokigwe bado hajajifungua, na wiki zake zimekwisha kupita. Mama yake hamwambii anachokiogopa. Bwana Holti anadaiwa neno moja, alitamke kwa kinywa chake mbele ya mjane wa Asukile. Danieli anadaiwa kumleta, maana ndiye aliyeahidi. Na chama, kilichoichukua kura ya Sekela na kuihesabu, kinadaiwa kumuuliza Danieli anangoja nini.