Tangi Lililokaa Bila Samaki

Harufu ninayoikumbuka zaidi kutoka likizo ile ni ya hiliki iliyochanganyika na kamba aliyeoza. Hiliki ilitoka jikoni, Mama alikokanda unga wa mahamri ya kuuza barazani kwetu, Malindi. Kamba alikuwa wetu, mimi na dada yangu Saumu. Tulimtia makusudi katika tangi la kioo lisilokuwa na samaki hata mmoja. Wateja walichungulia, wakaona maji meupe kama yaliyooshewa mchele, wakaziba pua. "Mnafuga nini nyinyi, uvundo?" Mama aliuliza.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Baba alituletea tangi lile kutoka Mombasa pamoja na samaki wekundu, tukawatia siku hiyo hiyo katika maji mapya, na kabla ya wiki kwisha wote walikuwa wameelea matumbo juu. Nililia hadi sauti ikakauka. Mama alitupa pole, kisha akasema kioo kile kingefaa kuwekea mahamri yasiingie nzi. Shule zikifunguliwa hakina samaki hai, angekichukua. Saumu akakimbilia kwa Mwalimu Kadzo, aliyetufundisha sayansi. "Choo cha samaki ni sumu," Mwalimu alituambia. "Kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoila sumu hiyo, na tangi jipya halina. Tieni kitu kioze kitoe sumu kama hiyo, iwe chakula chao, pampu ya hewa isizimwe, mngoje vizaane." Akatupa karatasi za kupimia maji: kijani sumu ikiwapo, manjano ikiisha.

Kila asubuhi tulichovya karatasi, na kila asubuhi ilitoka kijani. Umeme ulipokatika tulipokezana kuyakoroga maji kwa upawa wa Mama hadi mikono ikafa ganzi. Mimi nilikata tamaa. Saumu alikataa katakata. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, Mama ameshatafuta kitambaa cha kutandika ndani ya kioo chake, ndipo harufu ilipopotea na maji yakaanza kung'aa. Karatasi ikatoka manjano. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa. Mwalimu Kadzo akaja kupima mwenyewe, akaridhika, tukabadilisha nusu ya maji, na mjomba akatuletea ndoo ya vifaranga vya tilapia kutoka bwawa lake la Jilore. Wiki ilipita, wote wazima, wakikimbilia vidole vyetu kwenye kioo. Na Mama? Yeye ndiye aliyewaita wateja: "Karibuni muone samaki wa wanangu! Hawa hawakaangwi!"

Leo naishi Kilifi, nina matangi kadhaa sebuleni, na vijidudu vile huuzwa tayari ndani ya chupa. Nimevinunua, na vinafanya kazi vizuri. Namimina, nangoja kidogo, natia samaki, wanaishi, na hakuna anayegutuka. Lakini siku ile kwetu Malindi, watoto wawili tulikuwa tumeyatia maji uhai, na mtaa mzima ulijua.