Nilivyoanika betri za mashine

Kisa hiki kinanionyesha kama mjinga, na sikatai. Mzee Marwa, bosi wangu kwenye karakana ya hapa Tarime, aliuza ng'ombe wake wote akanunua mashine ya kuchonga vyuma inayoendeshwa na kompyuta, mtumba kutoka Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Nikamwambia, "Mzee, hizi nazijua."

Kuiwasha, ikaandika kwenye kioo kwamba betri zake ndogo za ndani zinakwisha. Nikaizima, nikazitoa, nikazianika juu ya bati kama za redio, maana za redio huwa zinafufuka. Kuzirudisha, mashine haikumbuki hata kusogea.

Tukampigia Mkenya aliyetuuzia. Akasema, "Betri hizo ndizo hutunza kumbukumbu yake stima ikizimwa; ukizitoa wakati huo, inasahau kila kitu. Na mimi kopi ya programu zake sina."

Mzee akaniambia, "Kesho usije, Chacha. Mashine sasa ni chuma tu, nacho nitakianika mwenyewe."