Mashine ya Baba Haikuwa Pompo ya Kisima

Kwa wachimbaji wa madini, mkubwa wa kisima, yaani shimo la machimbo, anaitwa PDG, hata kama suruali yake imefungwa kwa kamba. PDG wa baba yangu aliingia hospitalini na miwani ya jua, akaketi kwenye kiti cha mama bila kukaribishwa, akaanza kuikagua mashine ya kumpumulia baba kana kwamba yeye ndiye aliyeinunua.

Baba alikuwa amelala na bomba mdomoni. Kule upande wa Kakanda walikuwa wamewasha moto kisimani ili jiwe gumu lipasuke, ndiyo desturi yao, na PDG akawaamuru washuke kabla moshi haujaisha. Baba akatangulia. Aliuvuta ule moshi mpaka mapafu yakaungua, na tangu hapo mashine ndiyo iliyompumulia.

Mimi ndiye niliyemtafsiria mama maneno ya daktari, maana daktari alisema Kifaransa cha haraka. Mimi huyu ambaye nikiulizwa swali darasani natazama viatu. Daktari alieleza kwamba ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno, na kwenye ukuta wa kila kifuko damu inachukua oksijeni na kuacha hewa chafu. Vya baba vingi vilikuwa vimejaa maji. Vilivyobaki wazi vilikuwa vichache, kama mapafu ya mtoto, na ukivisukumia pumzi ya mtu mzima vinapasuka. Ndiyo maana mashine ilimpa pumzi ndogo ndogo, za harakaharaka, na kila akimaliza kutoa pumzi ilibakiza msukumo kidogo ndani, ili vifuko visijifunge vikagandana. Oksijeni ya damu haikufika mia, na hawakutaka kuilazimisha. Mama akauliza kama hiyo kidogo inatosha. Daktari akajibu kwamba inatosha kumweka hai mpaka mapafu yapone.

PDG hakuridhika. Maishani mwake anajua pompo moja tu, ile ya kupeleka hewa chini ya kisima kwa bomba la plastiki. Huko watu wakilegea, unaongeza. Alimfundisha mama hayo yote kwa sauti ya mahubiri, mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia. Kisha akaelekeza kidole kwenye kioo cha mashine, penye namba ya oksijeni ya damu.

"Mama, ona, tisini. Banamunyima mupepe. Miye mu kisima yangu, muntu akikosa mupepe, naongeza, anaamuka."

Mama akanitazama, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu niliona ameanza kusadiki. Mumewe anapumua kama kifaranga, na mwanaume mwenye miwani anamletea dawa rahisi. Daktari alikuwa chumba kingine. PDG akasimama, akafuta kidole kwenye suruali, sijui kwa ajili ya usafi gani, akakinyoosha kuelekea kitufe cha kuongeza pumzi.

Nikaingia katikati. Sauti ilinitoka nyembamba, ile ile ya darasani.

"Papa PDG, hii haiko pompo. Mapafu yake itapasuka."

"Weye mutoto, ulishuka mu kisima siku gani?"

"Sikushuka. Baba njo alishuka. Ni weye ulimutuma mu moshi."

Akavua miwani. Nilingoja kofi. Mashine iliendelea kupumua, fupi, fupi, na mama, bila kupandisha sauti, akamwambia atoke. Akatoka akisema watoto wa siku hizi hawana malezi, na ndizi alizotuletea akaondoka nazo.

Daktari aliporudi alitazama kioo, akapunguza oksijeni kidogo, maana damu ya baba ilikuwa imeanza kuichukua vizuri. Baadaye bomba likatolewa.

Jumapili ambayo baba aliweza kurudi kanisani, PDG alipanda mbele kutoa ushuhuda. Alisema kwamba kule hospitalini aliweka mkono juu ya mashine, akaiamuru kwa jina la Bwana iongeze pumzi, na ikatii. Watu wakapiga makofi. Baba akanikaribia, akaniuliza kwa sauti yake iliyokwaruzika kama ni kweli. Nikamwambia kwamba yule mtu hakuigusa, nilimzuia.

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akasubiri pumzi irudi, kisha akashika bega langu tukatoka, polepole, tukipita mbele ya PDG ambaye bado alikuwa anaiamuru mashine.