Swali Nililolijibu Mlangoni kwa Nkambo

Mdomo wangu huu, mtu akiniambia niushone leo, sitabisha.

Nilikuwa mwalimu wa historia hapa Likasi, mkoani Katanga, miaka ile mishahara ilipokatika na shule zikawa zinafunguliwa wiki, zinafungwa mwezi. Ili nisioze nyumbani, nikaanza kutembeza watu Jumapili baada ya misa: wanafunzi, wazazi wao, yeyote aliyetaka. Niliwaonyesha mji wetu wa wakati wa vita vya pili vya Wazungu, ambavyo vitabu vilivieleza kana kwamba vilihusu Ulaya tu. Hii ndiyo bohari walimogawia posho. Hizi ndizo nyumba za kambi, wanaume walikolala kwa zamu, kitanda hakipoi, kwa sababu shaba ilitakiwa mchana na usiku. Watu walipita hapo kila siku na hawakujua. Nami, sisemi uongo, nilipenda sana kusikilizwa.

Tulimalizia mlangoni kwa mjane mmoja mzee, nkambo, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Wakati wa vita alishona magunia ya madini pamoja na wanawake wenzake wa kambi, na kidole gumba kilipinda kikabaki hivyo. Alikionyesha huku akicheka. Mtaani wote walimdhani mtu wa Kapolowe, hapa jirani tu, maana alilima huko na Kibemba alikisema kama amezaliwa nacho. Mimi peke yangu nilijua zaidi. Alikuwa ameniambia mwenyewe, kisha akanishika mkono.

"Mwalimu, ya magunia sema. Ya kwetu uache."

Jumapili moja jirani yake akauliza: "Na bwana yake, alitokaka wapi?"

Nkambo akanitazama. Lakini mwalimu akiulizwa mbele ya watu, ulimi humwasha. Akinyamaza wataona hajui. Nikajibu. Nikasema mumewe alichukuliwa kutoka Kasai, mkoa mwingine kabisa, akiwa kijana, akaletwa na treni kufanya kazi ya tanuru, na mwaka uliofuata nkambo naye akaletwa kutoka hukohuko aolewe. Niliipamba hadithi kweli. Watu wakaridhika. Nkambo akaingia ndani bila kutuaga.

Haukupita mwaka, watu wakaanza kuulizana asili. Sokoni, kazini, hata nje ya kanisa: eti watu wa Kasai warudi kwao. Wakafukuzwa nyumba kwa nyumba. Kwa nkambo walifika asubuhi, na aliyewaongoza ni jirani yule yule. Hakuhitaji kubahatisha. Nilikuwa nimemfundisha mimi.

Nilimkuta kwenye kituo cha treni, katikati ya umati wa waliofukuzwa, uliokuwa ukingoja mabehewa ya Kasai. Nilibeba mikate na maneno ya kuomba msamaha. Mikate aliipokea, maneno akayakatiza kwa mkono. Wengine walikuwa wamejibanza chini ya maturubai, familia na familia. Yeye alikaa peke yake juani, juu ya furushi lake. Lugha ya kwao ilikuwa imemtoka kwa miaka yote ile ya Likasi, na wenye maturubai walimshuku kuwa ametumwa na waliowafukuza.

"Ata uku banasema minye ni muntu ya Katanga," akaniambia. "Treni ikikuya, habatanibeba. Na ku nyumba bamenifunga mulango. Mwalimu, ubaelezee. Sema kama ile siku."

Nikasimama mbele ya watu wale, watu ambao niliona haya hata kuwatazama, nikaanza. Bohari. Magunia. Kidole. Kijana aliyechukuliwa Kasai, na binti aliyeletwa kwa treni kumfuata. Maneno yale yale ya Jumapili, sikupunguza hata moja, machozi yananitoka na sauti yangu ya darasani haitetemeki. Niliichukia sauti ile.

Mama mmoja akasogeza sufuria zake, akamwita nkambo chini ya turubai. Akaenda, akaketi, akapanga furushi lake vizuri.

"Umeeleza muzuri," akaniambia. "Sasa weye rudia kwenu."